Mbingu Yangu, Moyo Wangu, Pakiteng

Walisema sitaweza kuzungumza. Kufika Uhispania hawakukutilia shaka sana, maana kufika ni kupanda ndege na kukaa. Walichotilia shaka ni mdomo wangu. Mama mdogo alisimama nje ya kanisa letu la mabati hapa Kitengela baada ya ibada, mkoba ameushika kwa mikono miwili, akawaambia kina mama wenzake, "Huyu mtoto nikimtuma kwa jirani kuomba chumvi, anarudi bila chumvi kwa sababu ameona haya kubisha mlango. Sasa huko ataongea na nani?"

Mjomba, ambaye alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha simiti na hakuna kitu asichokijua, akasema, "Mwacheni aende. Atarudi kabla chai haijapoa."

Nilikuwa nimesimama palepale. Sikujibu, na kwa kutojibu nikawa nimewathibitishia.

Leo naandika haya nikiwa mtu anayelipwa kwa kuzungumza. Nina Kikamba cha kwetu, Kiswahili, Kiingereza na Kihispania, na Kimaa cha majirani Wamaasai, cha kusalimia na kununulia maziwa. Diploma yangu ya utunzaji wa wazee iko kwenye fremu ya kioo darasani kwangu, juu ya duka la dawa za mifugo, upande wa barabara ya kwenda Isinya. Niliisomea katika lugha ambayo nilipotua sikujua hata kuombea maji. Hakuna aliyenifanyia mtihani. Nasema hivi wazi kwa sababu watu wa kwetu hupenda kusema fulani alisaidiwa.

Kusaidiwa nilisaidiwa tiketi, hilo sikatai. Kanisa lilichanga. Mama mdogo, pamoja na maneno yake yote, alinikopesha akiba yake ya kuku. Mjomba naye alitoa, akinikumbusha kila wiki kwamba ametoa. Na siku ya mwisho, tulipokuwa bado tumepungukiwa, akaja mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akilisha ng'ombe wake kwenye mashamba wazi nyuma ya ploti yetu, kabla watu hawajaweka ua kila mahali. Hakuwa ndugu yetu wala hakuwa wa kanisa letu. Mama alikuwa amezoea kumpa maji ya kunywa, na mimi nilizoea kumsaidia kugeuza ng'ombe wakitaka kuingia kwenye mahindi ya watu. Alikuja akiongoza ng'ombe mwekundu mwenye tumbo jeupe, akamfunga kwenye nguzo ya lango letu.

"Uza huyu," aliniambia.

Mama akaanza kukataa. "Mzee, hatuwezi. Tutakurudishia na nini?"

"Mama, sijaongea na wewe," alisema yule mzee kwa upole. "Nimeongea na huyu."

Tukampeleka ng'ombe mnadani, akauzwa, tiketi ikatimia. Tangu siku hiyo yule mzee hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita Pakiteng. Kwao mtu akikupa ng'ombe, majina yenu mnayaweka kando. Yeye anakuita Pakiteng nawe unamwita Pakiteng, hadi mmoja wenu azikwe. Nilimwitikia, kwa sababu ni adabu. Lakini moyoni nilimpanga pamoja na wengine, mama mdogo, mjomba na kanisa, watu ambao siku moja ningewalipa wote nisimame mbele yao nikiwa mtu asiyedaiwa.

Kazi niliipata kusini mwa Uhispania, kwenye nyumba ya wazee karibu na bahari. Nusu ya wazee walikuwa Wahispania wa mji uleule. Nusu nyingine walikuwa Waingereza waliostaafu wakafuata jua. Kwa hiyo asubuhi moja unaamka na lugha mbili, na zote mbili si zako. Mwanzo nilifanya kazi nilivyozoea kuishi, kimya. Niliosha, nililisha, nilibadilisha shuka, nikaenda. Msimamizi wetu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya soko, akanivuta kando kwenye korido.

"Unawaosha kama unaosha sufuria," aliniambia. "Zungumza nao."

"Niwaambie nini?"

"Waambie ni wazuri."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye sifa. Nilianza na guapa, mrembo, kwa bibi mmoja mshonaji wa zamani ambaye alikuwa akikataa uji. Nilisema neno hilo nikitazama sakafu. Akafungua mdomo, nikaweka kijiko. Nikaona kumbe neno ni sehemu ya chakula. Nikajifunza mengine kwa njaa ile ile niliyosomea diploma. Reina, malkia. Tesoro, hazina. Corazón, moyo wangu. Mi cielo, mbingu yangu. Nilijifunza kwamba kule wanachukua sifa ya mtu, hata ile mbaya, wakaifanya ndogo ikawa ya kubembeleza. Mzee akawa kazee, mnene akawa kanene. Bibi mnene ukimwita gordita anakushika shavu. Jaribu hapa Kitengela kumwita mama wa mboga kanene kangu, uone kama utaondoka na sukuma wiki.

Waingereza walikuwa rahisi zaidi. Kulikuwa na babu mmoja aliyekuwa dereva wa basi kwao, ambaye alimwita kila mtu love, mwanamke kwa mwanamume, hata daktari. Aliniambia kwao dereva humwita abiria asiyemjua "mpenzi" anapomrudishia chenji, na hakuna anayevunja ndoa. Nikaongeza dear na darling, na my lovely kwa siku za kuzaliwa.

Nikawa hodari. Sijisifu, nasema lililokuwepo. Mzee akigoma kuoga waliniita mimi. Wafanyakazi waliozaliwa na lugha hiyo waliniuliza nilimwambia nini bibi wa chumba cha mwisho hata akakubali kukatwa kucha. Mimi, niliyeshindwa kuomba chumvi.

Yule mshonaji aliniita mi cielo kila asubuhi. Nilikuwa nikiisubiri. Nikipanda ngazi nilijua nitafungua mlango na neno hilo litanipokea, nami nilikuwa peke yangu katika nchi ile kiasi kwamba neno moja lilinitosha hadi jioni. Siku niliyokwenda kumuaga, mizigo yangu ikiwa mlangoni, alikuwa na mtunzaji mpya kutoka nchi nyingine, kijana mwoga anayetazama sakafu. Nilisimama kizingitini nikamsikia akimwambia, "Njoo, mi cielo, nifungie kifungo hiki." Halafu akaniona mimi akasema, "Na wewe pia, mi cielo, safari njema."

Nilirudi nikajenga. Nyumba ina vyumba vitano na tangi la maji ambalo majirani huja kuliangalia. Mama alikaa mwezi mmoja, akasema vumbi la Kitengela linamkaba, akarudi Makueni, kijijini kwetu alikohamia nilipokuwa nje, kwenye maembe na mbuzi wake. Nilikuwa nimerudi na maneno mengi mdomoni, na nilidhani kwetu ndipo mahali pake hasa. Nilimpigia simu jioni moja nikamwambia, "Habari ya jioni, mama yangu mpendwa, moyo wangu."

Akauliza, "Kuna nini? Umefukuzwa kazi?"

"Hapana, mama. Nakusalimia tu."

"Uko na homa?"

"Sina."

"Basi niambie ukweli, nani amekufa?"

Sikurudia. Mama yangu hajawahi kuniita mpendwa tangu anizae, wala baba hakuwahi kumwita hivyo hadi alipozikwa. Kwetu mtu anakuuliza umekula. Nilijua hilo tangu utotoni, ila nilikuwa nimekaa mahali pengine nikalisahau.

Darasa langu lilijaa haraka. Vijana wanaotaka kwenda nje kutunza wazee wanakuja kwangu kutoka Isinya, Tuala, hadi Kajiado mjini, kwa sababu wamesikia kwamba hapa mtu anatoka akiwa anaongea. Wengine hufundisha vitenzi kwanza. Mimi naanza na sifa na maneno ya mapenzi. Nawaambia mzee atakusamehe kitenzi kilichovunjika, lakini mdomo baridi hatakusamehe.

"Kila mmoja amgeukie mwenzake," niliwaambia asubuhi moja. "Mtazame machoni, umwamkie. Buenos días, mi cielo."

Wakacheka hadi wengine wakalala kwenye madawati. Kijana mmoja Mmaasai, anayetoka upande wa Kajiado, akainua mkono.

"Mwalimu, mimi siwezi kuita mzee mbingu yangu. Kwetu mzee unainamisha kichwa anakugusa, imeisha."

"Huko ukiinamisha kichwa atadhani umeangusha shilingi."

"Basi nitamwambia hiyo maneno nikiwa nimeangalia dirisha."

"Ukiangalia dirisha atadhani unaongea na mwenye nyumba ya pili."

Msichana wa Tuala, ambaye ndiye mkali kuliko wote darasani, hakuwa akicheka. Alikuwa ameegemeza kidevu mkononi. "Mwalimu, niulize kitu. Wewe ukifika kwako jioni, nani anakuita mi cielo?"

"Mbwa," nilisema.

Darasa likalipuka. Jibu zuri, na mimi ni mwepesi wa majibu siku hizi. Ila sina mbwa.

Jioni hiyo nilipofungua lango la nyumba yangu nilijikuta nalitafuta jibu la kweli, na sikulipata. Nilikuwa na maneno ya kuwapa watu katika lugha mbili za dunia. Nilichotaka ni mtu mmoja anipe mimi, na liwe langu, lisiwe la kila anayeingia mlangoni.

Kwa muda nilidhani nimempata. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anaishi Nkoroi, mwanamke mtulivu anayecheka kwa pua. Nilimmwagia hazina yangu yote. Nikimpokea mkoba ni darling, nikimmiminia chai ni mi reina, akikohoa ni pole moyo wangu. Alivumilia majuma kadhaa. Siku moja tulikuwa tunakula nyama choma, nikamwambia alivyo mrembo, kwa Kihispania kisha kwa Kiingereza, nikamsogezea sahani.

Akaweka kisu chini. "Unajua unaongea kama nani?"

"Kama nani, mpenzi?"

"Kama mtu anayetaka kunigeuza kitandani nisitoke vidonda."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Hayo maneno ni mazuri," alisema. "Lakini si mimi uliyenitafutia. Ulikuja nayo yakiwa tayari. Hata kama ningekuwa mtu mwingine hapa kwenye kiti, ungeniambia hayo hayo."

"Sasa unataka nikuite nani?"

"Sijui. Hilo ndilo lilikuwa lako kulitafuta."

Tuliachana kwa heshima, na bado tunasalimiana. Nilimwambia rafiki yangu mmoja kwamba yule mwanamke hakuzoea kupendwa. Ni jambo ambalo bado naliamini, siku nyingine.

Katika miaka hiyo yule mzee aliendelea kuja. Alikuwa ameuza sehemu ya ardhi yake huku, akahamisha boma karibu na Kajiado ambako bado unaweza kuona ng'ombe akitembea bila kukutana na ukuta. Alikuja Kitengela kununua dawa ya kupe katika duka lililo chini ya darasa langu. Akimaliza alipanda ngazi polepole, fimbo ikigonga kila ngazi, akasimama mlangoni katikati ya somo.

"Pakiteng."

"Pakiteng," nilimwitikia.

"Sopa."

"Epa," nikaitikia salamu yake.

"Bado unafundisha hawa kubembeleza wazungu?"

"Bado, mzee."

"Wamejua?"

"Wanajitahidi."

"Haya." Akawatazama wanafunzi mmoja mmoja kama mtu anayekagua mifugo asiyokusudia kununua, akageuka, akashuka. Hakuwa na jambo lingine. Alipanda ngazi zote zile ili aniite mara moja.

Siku moja msichana wa Tuala aliuliza neno lile lina maana gani. Kabla sijafungua mdomo, kijana wa Kajiado alijibu.

"Mwalimu alipewa ng'ombe na huyo mzee. Kuna mwingine anaitwa Paker, huyo alipewa kondoo. Hiyo si jina ya kuita mtu hivi hivi. Hata mtoto wake hawezi kumwita hiyo."

"Kwa hivyo ni kama mi cielo ya Kimaasai," alisema msichana.

"Apana. Mi cielo unaweza kuambia watu mia."

Nikagonga ubao. "Hilo halitatoka kwenye mtihani," nilisema, tukarudi kwenye sifa.

Mwaka jana mambo yalinyooka kabisa, nikaamua kutekeleza ahadi niliyojiwekea kabla ya kuondoka. Nilivaa suti ya kijivu niliyonunua kule, nikaosha gari, nikaenda kwa mmoja baada ya mwingine siku ile ile. Nilitaka jua litue bila mtu yeyote wa kusema yeye ndiye alinifanya mtu.

Kanisani mweka hazina aliomba niseme maneno machache. Nikayasema, yakawa mengi. Mama mdogo alihesabu zake mbele yangu, akahesabu tena, akasema, "Kweli sasa unaongea. Hata kunyamaza umesahau." Lakini alikuwa akifuta macho kwa khanga. Mjomba, ambaye siku hizi anakaa kwenye kiti cha plastiki barazani, alipokea bahasha akaiweka chini ya goti.

"Mjomba, ile chai ilipoa?" nilimuuliza.

"Iliganda," alisema. Tukacheka wote wawili. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo, na ilikuwa tamu kama nilivyoitarajia. Siwezi kudanganya.

Mzee nilimweka wa mwisho kwa sababu ya umbali. Nilipita Isinya, nikaingia njia ya vumbi kabla ya Kajiado, nikafika bomani ng'ombe wakiwa wameanza kurudi. Alinikaribisha kwenye kigoda nje, mkewe akatuletea chai ya maziwa matupu. Tukazungumza mvua. Akanionyesha ndama aliyezaliwa wiki ile, akasema ana tumbo jeupe kama la yule wangu. Yule wangu, ndivyo alivyosema.

Nilipomaliza chai nilisimama nikampa bahasha kwa mikono miwili.

"Pakiteng, hii ni nini?"

"Ni ya yule ng'ombe, mzee. Nimeuliza bei ya sasa mnadani, nikaongeza juu yake."

Aliishika bila kuifungua. "Wewe ulinikopa?"

"Ulinisaidia wakati wa shida. Mimi sipendi kudaiwa."

"Mimi sijawahi kukudai."

"Najua. Ndiyo maana nalipa kabla ya kudaiwa."

Alitazama ng'ombe wakipita langoni. Nilidhani anawahesabu.

"Ungeleta hata kondoo," alisema baadaye. "Kondoo ningejua pa kumweka."

"Sifugi, mzee. Ningemtoa wapi kondoo? Pesa utanunua wewe mwenyewe, yule unayemtaka."

"Ni kweli. Pesa inanunua."

Nilikuwa na sentensi niliyoiandaa njiani, ile niliyowaambia wote siku hiyo, nami sikuona sababu ya kumnyima yeye. Nikanyoosha mkono. "Basi, mzee, sasa hatudaiani."

Aliutazama mkono wangu, kisha uso wangu, kwa muda. Halafu akaushika. "Sawa," alisema. "Hatudaiani."

Akamwita mkewe akampa bahasha, akamwambia jambo kwa Kimaa. Sikulielewa lote. Mama yule alikuwa amenizoea, hunitania kila nikija kwamba nimenenepa. Safari hii alinitazama tu, akaitazama bahasha, akaingia ndani.

Mzee alinisindikiza hadi kwenye lango la miiba. Hakuwa na hasira, na ningependa ieleweke hivyo. Alinisindikiza kama anavyosindikizwa mgeni mwema. Alisema, "Barabara ya Isinya iko na malori mengi saa hii. Endesha polepole, mwalimu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikasimama kidogo nje ya gari, mkono kwenye mlango. "Haya, Pakiteng," nilisema. "Tutaonana ukija kununua dawa."

Alikuwa ameanza kuburuta miiba kufunga lango. "Siku hizi wanaleta dawa mpaka Kajiado," alisema. "Salimia wanafunzi, mwalimu." Akainua mkono, kama tunavyoinua kwa gari lolote linalopita.

Niliegesha Isinya kwa sababu macho yalikuwa na vumbi. Nilijaribu kutafuta neno la kujiambia. Nayajua mengi, katika lugha mbili, na yote nimewahi kuyasema kwa sauti ya ukweli kwa watu ambao hawakuwa wangu. Niliyapitia moja moja pale kwenye kiti, corazón, tesoro, darling, dear, mi cielo.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mama mdogo. Ameshawaambia wote kanisani, na wote wanasema hongera, wamekubali, hakuna mtu kuanzia Kitengela hadi Kajiado anayenidai chochote.

Nilimjibu kwamba ni kweli. Kisha nikawasha gari nikaenda nyumbani.